Mabamba: Umoja wa Wakristo Unapopimwa Mpakani

Mabamba ni kata ya mpakani katika Wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma. Ukivuka kuelekea magharibi unaingia Burundi, upande wa Gisuru, katika eneo la Ruyigi. Mtu wa Mabamba akisema Kiha na wa Gisuru akamjibu kwa Kirundi, mazungumzo yanakwenda bila mkalimani. Mashamba nayo yanafanana: mahindi, maharage, mihogo, migomba. Na Jumapili asubuhi, huku na kule, watu wanaoga, wanavaa nguo walizozitunza wiki nzima na kushika njia kwenda kusali.

Hawaendi mahali pamoja. Katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, nyumba tatu zinazopakana zaweza kuwa ya Mkatoliki, ya Mwanglikana na ya Mpentekoste, na ya nne ikawa ya Msabato aliyekwisha kusali Jumamosi. Wakati mwingine wote wanne ni ukoo mmoja. Wanazikana, wanachangiana karo na mahari, wanasaidiana kuvuna. Ila ikifika siku ya ibada kila mmoja ana njia yake, na wapo ambao kanisa lao haliwaruhusu kupokea Chakula cha Bwana kwa jirani.

Injili ya Yohana, katika sura ya 17, inamwonyesha Yesu usiku wa kuamkia mateso yake akiwaombea wafuasi wake wawe wamoja ili ulimwengu upate kuamini. Mkristo wa mpakani, ambaye jirani yake ni wa dhehebu lingine na mgeni wake ni wa taifa lingine, aiishi vipi sala hiyo? Historia ya Uha, yaani nchi ya Waha, na majirani zake inatoa jibu linalofundisha na kuumiza kwa pamoja. Umoja wa mikutanoni umekuwa ukienda kwa mwendo wa kinyonga. Uliosonga mbele ni ule ulioingia katika madeni ya watu, ndoa zao na chakula chao, na huo nao ulivunjika kila ulipolikwepa swali la kabila.

Mipaka iliyokuja na wamisionari

Tofauti za madhehebu katika Uha hazikuanzia Uha. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi waliwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na Ukatoliki ukapanda taratibu kutoka ziwani hadi nyanda za juu. Kwa Waprotestanti walitangulia Wajerumani wa Misioni ya Neukirchen, kisha kazi ikaangukia mikononi mwa Waanglikana wa shirika la misheni la CMS kutoka Australia. Wapentekoste wa Sweden nao walifika, na Wasabato wakajenga hospitali ya Heri karibu na Manyovu. Kila kundi lilikuja na kitabu chake cha sala, namna yake ya kubatiza na ugomvi wake wa zamani uliozaliwa Ulaya.

Mwenyeji hakuwa na nafasi ya kulinganisha mafundisho kabla ya kuchagua. Mara nyingi aliingia katika kanisa lililokuwa na shule au zahanati karibu na kwao. Ndiyo maana watoto wa babu mmoja waliweza kukua katika makanisa mawili kwa sababu tu mmoja alihamia bonde la pili.

Baada ya muda makanisa haya yakawa ya wenyeji. Mwaka 1966 Waanglikana waliunda Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake yakiwa Kasulu. Askofu wake wa kwanza alikuwa Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Tanzania. Uongozi ulibadilika, lakini kuta kati ya dhehebu na dhehebu zilibaki zilivyokuwa.

Kikuyu, 1913

Haikuwa kwamba wamisionari hawakuliona tatizo. Juni 1913 wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, katika kituo cha Wapresbiteri wa Scotland. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Walizungumzia shirikisho la makanisa ili Mwafrika asirithi mafarakano ya watu wengine. Mwishoni William Peel, Askofu wa Kianglikana wa Mombasa, aliendesha ibada ya Chakula cha Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwaka. Weston alikuwa mtu wa UMCA, misheni ya Waanglikana walioshika sana desturi za kale za Kanisa, na kwake tendo lile lilikuwa uzushi. Aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel pamoja na mwenzake wa Uganda, John Jamieson Willis, washtakiwe. Mabishano yaliitikisa Uingereza yenyewe, hata Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza watu wakapata jambo jingine la kuhangaikia. Shirikisho lililootwa Kikuyu halikuzaliwa.

Yapo yaliyofanikiwa. Biblia ya Kiswahili iliyokuwa na matoleo mawili, la Unguja na la Mombasa, ilipata toleo moja la pamoja mwaka 1952, nalo ndilo linaloitwa Union Version hadi leo. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa KKKT. Miaka hiyohiyo Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walijadiliana kuhusu kuwa kanisa moja, wakafika hadi kuandaa liturujia ya pamoja iliyochapishwa mwaka 1966. Muungano wenyewe haukutokea. Mwanglikana wa Kasulu na Mlutheri wa Bukoba waliendelea kuwa wa makanisa mawili.

Moto wa Gahini

Wakati viongozi wakijadiliana, jambo jingine lilikuwa limeanza bila kamati wala katiba. Mahali pake ni Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambapo CMS ilikuwa na hospitali. Mwaka 1929 daktari wa Gahini, Mwingereza Joe Church, alikutana na Mganda Simeon Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo wa jina. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufanya kazi Gahini. Alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini wito wake kwamba Kanisa liamke ulikuwa umeshasambaa.

Huo ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wake wakaitwa walokole. Uliingia Uganda, Burundi na Kenya. Tanganyika ulipitia upande wa Ziwa Viktoria, ambako chuo cha ualimu cha CMS huko Katoke kilikuwa miongoni mwa milango yake, ukashuka Ngara na kufika Uha.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Watu walikutana kila wiki, nyumbani au kanisani. Mmoja alisimama, akataja dhambi yake kwa jina, mbele ya watu wanaomjua. Hakusema kwamba sisi sote ni wakosaji. Alisema aliiba nini, alimchukia nani, alimdanganya nani. Wenzake wakaimba wimbo mmoja mfupi wa Kiganda wa kumsifu Yesu, ambao hata wasiojua Kiganda waliujua. Kisha kazi ikaanza: aliyeiba alirudisha, aliyemtukana mke wake alimwomba radhi, mwenye ugomvi wa shamba alimfuata jirani. Hayo waliyaita kutembea nuruni.

Wamisionari hawakuachwa nje. Baadhi yao walisimama na kuungama kwamba waliwadharau Waafrika waliofanya kazi nao. Katika miaka ya ukoloni, Mzungu kumwomba radhi mhudumu wa hospitali mbele ya watu na kuketi naye mezani lilikuwa tendo zito kuliko azimio lolote la mkutano. Neno walilotumia kuitana lilikuwa ndugu, na lilikuwa na gharama.

Walokole pia walifanya jambo ambalo wajumbe wa Kikuyu hawakulipata: hawakujitenga kuunda kanisa lao. Hawakuwa na kadi za uanachama wala ofisi kuu. Mlutheri alibaki Mlutheri, Mpresbiteri alibaki Mpresbiteri, na Mwanglikana alirudi parishini kwake, ila wote walikuwa ndugu katika ushirika uliovuka makanisa na mipaka ya nchi. Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alifundisha Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950 kabla ya kuwa askofu kwao. Josiah Kibira, mlokole wa Buhaya, alikuwa askofu wa Kilutheri Bukoba, na mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kenya, wakati wa Mau Mau, walokole wengi Wakikuyu walikataa kula kiapo na pia walikataa bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Palipopasuka

Uamsho huo ulikuwa na udhaifu wake, na anayeupenda hana budi kuusema. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa baada ya mvutano na uongozi. Waliwaona wakubwa wao kuwa vuguvugu, na wakubwa wakawaona wao kuwa wakaidi. Miaka ya baadaye ndugu wenyewe waligawanyika, kila upande ukidai ndio uliotunza moto wa kwanza. Wakatoliki kwa sehemu kubwa walibaki nje ya ushirika huo. Na katika nyumba nyingi neno kuokoka liligeuka ukuta: aliyeokoka hali na asiyeokoka, mtoto hamheshimu tena baba anayekunywa pombe.

Pigo kubwa lilitoka kulekule moto ulikowashwa. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa. Makanisa ya Ntarama na Nyamata, ambako watu walikimbilia wakiamini hawatauawa ndani ya nyumba ya Mungu, yakawa machinjio. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha majirani zao, na wapo waliobeba panga. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Wenyeji wa Ngara na Kibondo hawakuisoma habari hiyo gazetini, iliwapita barabarani.

Maswali yaliyofuata hayajaisha. Watu walioungama wizi wa kuku, waliungama pia chuki ya kabila? Waliopatana na mke au jirani, walipatana na yule ambaye kitambulisho chake kiliandikwa kabila lingine? Wengi wanaouandika Uamsho leo wanakiri kwamba nuru yao ilifika nyumbani na shambani, lakini kwa wengi haikufika kwenye siasa za kabila.

Mlangoni mwa Kibondo

Burundi ilikuwa imetangulia kuwaka. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa miezi michache kabla, aliuawa na wanajeshi. Mauaji ya kulipizana yakasambaa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi. Kibondo ilipokea wimbi baada ya wimbi, na majina ya Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Karago yakawa majina ya kambi. Mwaka 1996 Kasulu ilipata kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongomani waliotoka Kivu Kusini.

Makanisa yaliingia kazini. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 na Walutheri, lilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuwapokea Warundi. Caritas ya Wakatoliki na Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika nazo zilifanya kazi kambini. Wakimbizi wenyewe walijenga makanisa kwa miti, udongo na maturubai, wakaanzisha kwaya na kubatiza watoto wao.

Kwa mwenyeji wa Kibondo, umoja katika Kristo ulishuka ukawa swali la kuni. Maelfu ya watu waliohitaji kupika walikata miti ya misitu ileile aliyoitegemea yeye. Palikuwa na wizi wa mazao, palikuwa na ujambazi, na palikuwa na shutuma ambazo nyingine zilikuwa za haki na nyingine za kuonea. Ni rahisi kumwita ndugu mtu aliyefika jana akiwa na njaa. Kumwita hivyo mwaka wa kumi, wakati msitu umekwisha na ng'ombe wa jirani hajulikani alipo, kunahitaji imani ya aina nyingine.

Kambini nako kabila lilifuata. Kambi ndogo ya Mkugwa, Kibondo, ilitengwa kwa watu ambao hawakuwa salama katika kambi kubwa, wakiwamo wanandoa wa Kihutu na Kitutsi. Watu waliokwisha kuungana kwa kiapo cha ndoa walihitaji kutengwa ili wasidhuriwe na wakimbizi wenzao. Mahubiri mengi kuhusu umoja hayafikii uzito wa ukweli huo mmoja.

Lakini mashahidi walikuwapo, na mmoja wao alikuwa karibu mno na Mabamba. Marguerite Barankitse, Mkatoliki na Mtutsi, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya askofu mjini Ruyigi. Tarehe 24 Oktoba 1993 Watutsi wenye silaha waliivamia nyumba hiyo, ambamo Wahutu walikuwa wamejificha. Walimfunga Barankitse na kumlazimisha atazame wakiua watu 72. Aliponyoka na watoto 25, akawalea pamoja na watoto wa makabila yote mawili aliokuwa nao tangu awali. Kutoka hapo ilizaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, iliyolea maelfu ya yatima bila kuuliza kabila. Mwaka 2015 alilazimika kukimbilia Rwanda, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Aurora.

Shahidi mwingine ni kundi. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa wakiwa pamoja.

Hospitali, msiba na nyumba ya mchanganyiko

Si kila jambo katika maisha ya imani linafikia kipimo cha Buta. Sehemu kubwa ni ya kawaida, na hapo nyanda za Kigoma zina mengi ya kuonyesha. Mgonjwa wa Kasulu anaweza kupelekwa Kabanga kwa Wakatoliki au Heri kwa Wasabato, na mapokezi hawamtaki aonyeshe cheti cha ubatizo. Kitaifa, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walikubaliana mwaka 1992 kuunda chombo kimoja, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kusimamia ushirikiano wao na serikali katika shule na hospitali. Makanisa ambayo hayawezi kula pamoja altareni yalipata namna ya kuuguza pamoja.

Katika msiba umoja una sura ya wazi zaidi. Akifa mzee wa Kianglikana, wanawake wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikatoliki wanachota maji na kupika, vijana wa Kipentekoste wanachimba kaburi, na kwaya zinapokezana. Kitabu cha Tenzi za Rohoni kinasaidia, kwa kuwa waumini wa makanisa mengi ya Kiprotestanti wanazijua nyimbo zake kwa moyo.

Ndoa ni ngumu zaidi. Binti Mkatoliki akiposwa na kijana Mpentekoste, maswali yanafuatana. Watafunga wapi? Watoto watabatizwa wachanga au watasubiri wakue? Mmoja akihama, je, wazazi wake watakuja arusini? Ubatizo wenyewe ni kikwazo. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanautambua ubatizo wa wenzao uliofanyika kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, lakini makanisa mengi ya Kipentekoste hubatiza upya aliyebatizwa mchanga. Mama aliyembeba mtoto wake hadi kwenye kisima cha ubatizo huumia anapoambiwa siku ile haikuwa kitu. Wachungaji na mapadre wanaokaa na familia zote mbili kabla ya harusi, wakaeleza wanachokubaliana na wasichokubaliana, huzuia uchungu ambao ungeweza kudumu hadi kwa wajukuu.

Wanaorudi

Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa upya mwishoni mwa mwaka huo. Kuanzia mwaka 2017 misafara ya kurudi kwao iliandaliwa, na Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Anayerudi Burundi anaweza kubeba cheti cha ubatizo kilichoandikwa Tanzania, watoto waliozoea Kiswahili na kumbukumbu ya shamba aliloliacha. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na mara nyingi shamba hilo linalimwa na mtu mwingine. Migogoro ya ardhi kati ya waliorudi na waliobaki imekuwa miongoni mwa majeraha makubwa ya nchi hiyo, na katika parokia nyingi mwenye hati ya zamani na mwenye jembe la sasa ni waumini wa kanisa moja.

Ndugu wa Gahini wangeanza na shamba hilo kabla ya wimbo wowote. Viongozi wa makanisa ya Kibondo wanawajua watu waliokaa kwao miaka mingi; viongozi wa Ruyigi wanawajua waliobaki. Barua ya utambulisho kutoka upande mmoja, ziara ya wazee wa kanisa kutoka upande wa pili, na kikao kimoja cha pande zote kabla kesi haijafika mahakamani: kazi hiyo inawezekana kwa lugha ambazo watu wa pande zote mbili wanazielewa, na haihitaji Mkatoliki, Mwanglikana wala Mpentekoste kulihama kanisa lake.